Nduthi ya Kiti cha Chini

Jumamosi, 1 Machi 2025

Nimeamua. Mwaka huu nanunua nduthi, tena kruza: ile unayoketi chini, usukani umekujia kifuani, miguu umeitanguliza mbele. Nilipomwambia shemeji jioni hii pale steji ya Innercore hapa Umoja, alicheka hadi wenzake wakasogea kuuliza kulikoni. Yeye ni mtu wa Boxer 150, na kwake pikipiki nyingine zote ni mapambo. "Shem, chukua Boxer. Spea iko kila duka, fundi yuko kila kona. Siku ukichoka nayo unaiuza asubuhi, saa sita pesa iko kwa simu."

Anachosema ni kweli tupu. Shida ni kwamba mimi nina futi tano na inchi moja. Boxer yake nikiikalia, lami naigusa kwa ncha za vidole, na huwezi kujifunza kitu chenye uzito huo huku unachechemea kwenye kila taa nyekundu. Nimeshinda nikisoma vipimo. Honda Rebel 250 na Yamaha Virago 250 zote kiti chake hakifiki milimita 700 kutoka chini. Bajaj Avenger 220 ni 737. Hapo nyayo zangu zinakaa chini zote mbili, kisigino na vyote.

Kazini ni kutoka Umoja hadi Makadara, hata kilomita kumi hazifiki. Kwa matatu asubuhi yenye mvua, unaweza kuoga, ukavaa, ukaketi dirishani na ukauona msururu wa Mutindwa haujasogea. Sitafuti mbio. Natafuta kufika.

Jumatano, 5 Machi

Leo kortini, ninakofanya kazi, kijana mmoja alisimama kizimbani kwa sababu ya TVS aliyoinunua elfu thelathini. Alikuwa na risiti ya kuandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Muuzaji hajulikani aliko. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kuhusu kupokea mali ya wizi kinaweza kumpa mtu hadi miaka 14, na jambo la kwanza linaloulizwa ni kama alijua au alikuwa na sababu ya kushuku. Bei ya kutupa ni sababu tosha. Mwendesha mashtaka aliuliza swali moja tu: "Mpya inauzwa pesa ngapi?" Kijana akanyamaza.

Nimekaa na mafaili haya miaka mingi, na nduthi ni mali inayorudi rudi. Ukiingia kituo chochote cha polisi huku kwetu utaziona zimelazwa uani, nyasi zimepita kwenye spoku, kila moja na kadi yake ya kielelezo. Kwa hiyo mimi nitaanza na karatasi. Namba ya chesisi kwanza, injini baadaye. Mafundi watanicheka, wacheke.

Jumapili, 9 Machi

Donholm, baada ya ibada. Virago 250, nyeusi na kromu, mwenyewe ni jamaa wa makamo anayehamia Kisumu. Ee Mungu, ni nzuri. Silinda mbili zimepandana umbo la V, sauti nzito isiyopiga kelele, na nilipoikalia magoti yangu yalijikunja bila taabu. Pikipiki yenyewe haifiki kilo 150, nikaisukuma peke yangu mpaka langoni na kuirudisha. Bei yake haikuwa mbaya pia.

Nilikuwa nimemwomba mzee fundi wa Kariobangi Light Industries anisindikize. Ni rafiki wa marehemu baba, ameshika spana tangu enzi za Honda CG. Hakuiwasha. Aliizunguka, akachuchumaa, akauliza, "Kabureta ilifunguliwa lini?" Mwenyewe hakumbuki. "Klachi ulinunua wapi?" Akasema aliagiza Dubai, ikachukua wiki saba.

Kwenye matatu ya kurudi mzee aliniambia, "Mwanangu, hiyo ni pikipiki ya mtu mwenye pikipiki nyingine."

Nikamuuliza kwa nini nchi hii imejaa nduthi lakini spea za ile moja hakuna. Akanikumbusha 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi sisi 250. Walioagiza kwa wingi waliagiza za kazi: sisi 100, 125, 150, silinda moja, za India na China. Virago nayo iko chini ya sisi 250, sheria ingeiruhusu, lakini hakuna aliyeona faida ya kumletea mtu wa boda silinda mbili anazopaswa kuzilisha. Basi maduka yakafuata boda, mafundi wakafuata maduka. Fundi kijana wa leo atakufungulia Boxer gizani. Ukimpelekea kabureta ya Virago anaitazama kwa heshima, kisha anaivunja.

Sijalala vizuri. Ile kromu.

Jumanne, 11 Machi

Nilipita Kirinyaga Road baada ya kazi kuthibitisha. Maduka manne, swali lilelile. Virago: vichwa vinatikiswa. Rebel: mmoja alisema anaweza "kuagizia," na nikajua maana yake. Avenger 220: duka la pili lilinipa pedi za breki ya mbele papo hapo, la nne lina kebo ya klachi na chujio cha oili. Kijana wa kaunta alinieleza kwamba injini ya Avenger 220 ni ndugu wa Pulsar 220, na Pulsar zipo mjini. Kilichomfanya akune kichwa ni tairi ya nyuma. Ni ya inchi 15, upana 130, na tairi zilizoning'inia pale dukani zote ni za boda, za inchi 17 na 18, nyembamba. "Hiyo utangoja, madam. Lakini inapatikana."

Inapatikana. Nitaishi na hilo neno.

Jumamosi, 22 Machi

Kayole leo. Tangazo lilisema "kruza safi, haijawahi anguka." Kufika nikakuta ni pikipiki ya sisi 150 ya kazi, iliyokatwa ikaungwa ikawa kruza. Foku za mbele zimerefushwa, usukani umepandishwa hadi usawa wa masikio, kiti kimeshushwa kwa kukata fremu nyuma, tangi limepakwa miali ya moto. Vijana wa mtaa wameizunguka kama bibi harusi. Na kusema haki, aliyechomelea ana jicho la sanaa.

Mzee fundi alinyanyua kibandiko cha fuvu kilichowekwa pale shingoni, fremu inapokutana na usukani. Chini yake rangi ilikuwa nene kuliko kwingine. Akakwaruza kidogo kwa ukucha, mshono wa welding ukaonekana, una vishimo vishimo kama mkate. Akaniita nipitishe kidole. Mahali pale ndipo kila shimo la barabarani linapogongea, akasema. Foku ikirefushwa, gurudumu linakuwa mbali zaidi na shingo, kwa hiyo pigo lilelile linaipinda shingo kwa nguvu zaidi. Ukiikata shingo, mkunjo wa usukani pia unabadilika: barabara iliyonyooka inakwenda vizuri, ukifika mzunguko pikipiki haitaki kugeuka.

Mimi nilikuwa nikitazama kitu kingine. Namba ya fremu hugongwa papo hapo shingoni, na hapa tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimezama ndani ya rangi. Nikaomba logbuku. Ikaja picha kwenye simu, jina la mtu mwingine, rangi nyekundu, na pikipiki iliyo mbele yangu ni nyeusi. Ukibadilisha rangi au injini, NTSA, mamlaka ya usafiri, wanapaswa kujulishwa. Huyu hakujulisha mtu.

Tulishukuru tukaondoka. Mzee alinunua mahindi ya kuchoma, akakata katikati, akanipa nusu iliyoungua.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Jogoo Road imelala, unaweza kuivuka ukisoma gazeti. Shule ya udereva imefungwa, nina leseni ya muda tu, kwa hiyo shemeji alinipeleka uwanja wa shule jirani na Boxer yake tukaweka chupa za maji mstari. Nane, duara, kusimama bila kuzima. Klachi nusu, breki ya nyuma kidogo, macho mbali. Macho ndiyo magumu. Nikitazama chupa naigonga chupa.

Halafu akanifundisha jambo ambalo sikulisoma kwenye vipimo. Tulipokuwa tukirudi Umoja nimepanda nyuma, alipofika tuta aliinua makalio kidogo akasimama kwenye vikanyagio, Boxer ikaruka chini yake, yeye akabaki palepale. "Shem, sasa kruza yako utasimamaje? Miguu iko mbele."

Hasemi upuuzi. Kwenye kruza kila pigo linakwenda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Na matuta ya huku si ya wizara ya barabara. Tuta la Umoja hujengwa na wakazi wenyewe baada ya mtoto kugongwa: Jumamosi wanachanga, Jumapili kuna zege lililosimama wima kama ukuta, bila rangi, bila alama. Kisha kuna yale ya kona ya kuingia Innercore, matatu mfululizo. Avenger tumbo lake liko milimita 169 kutoka chini. Shemeji ana shaka nalo, hasa nikibeba mtu.

Nilitembea jioni na fimbo ya mwanafunzi, ile rula ndefu ya mbao, nikapima matuta ya njia yangu yote hadi Outer Ring. Majirani waliniona. Lile la mbele ya kinyozi ndilo baya zaidi. Litapitika kwa gia ya kwanza, kwa pembe, bila abiria. Mengine ni sawa. Na barabara nyingine zote za safari yangu, Rabai Road na Jogoo Road, ni lami. Uti wa mgongo wangu utavumilia vipande viwili vya asubuhi na jioni. Kama ningekuwa naishi upande wa Njiru, ndani kabisa kusikofika lami, ningefunga daftari hili na kununua Boxer.

Jumamosi, 12 Aprili

Avenger 220, Buruburu. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, bwana mpole, alikuwa anaiendesha kwenda kijijini Tala kabla goti halijamkataza. Nilimpigia simu jana nikamwomba asiiwashe kabla hatujafika. Wanaouza wana tabia ya kuichemsha injini kwanza, maana injini yenye ringi zilizochoka huficha mengi ikiwa moto. Nilipofika niliweka kiganja kwenye mapezi ya silinda kabla hata ya kujibu "karibu chai." Baridi. Nikajibu, "Asante mwalimu, chai nitakunywa."

Mzee fundi akaiwasha. Stata ilizunguka mara mbili ikashika. Hakuna moshi wa buluu, ni mvuke tu wa asubuhi. Alipovuta gesi na kuiachia ghafla, hapo ndipo huwa oili inajitoa, tena hakuna kitu. Injini hii ina plagi mbili kwenye silinda moja, akazitoa zote: rangi ya kahawia, kavu.

Tukainyanyua mbele kwa kreti ya soda chini ya fremu, gurudumu likaning'inia. Mzee aliugeuza usukani polepole kwa kidole kimoja, kulia, kushoto, macho amefumba. Katikati kuna mahali ulisita kidogo, ukakaa, kisha ukaendelea. Akanishika mkono akaniwekea pale nami nikasikia: mkwaruzo mdogo wa bearing iliyotoboka vishimo kwa sababu ya miaka ya kwenda mbele tu. Si hatari leo. Ni pesa.

Tangi nikalimulika kwa tochi ya simu. Ndani kuna kutu upande wa kulia juu, pale petroli isipofika ikiegeshwa kwa stendi ya pembeni. Mzee alizungushia waya kitambaa cheupe, akakipitisha, kikatoka na rangi ya chai. Pikipiki hii imekaa bila kuendeshwa. Mwalimu hakukana, alisema tangu Agosti. Tairi ya nyuma ina meno mazuri, lakini namba za ubavuni zinasoma 1719, yaani wiki ya 17 ya 2019, na ukikwaruza mpira haukubali ukucha. Cheni imechakaa, meno ya sproketi yamelala upande mmoja. Betri volti 12.5, gesi ikipanda 14. Namba ya fremu imekaa sawa, injini sawa, rangi sawa.

Tulikunywa chai. Mwalimu alituhadithia kwamba ukoo wa pikipiki hii ni Kawasaki Eliminator, ambayo Bajaj waliiunda India kabla ya kutoa Avenger ya kwanza 2005, na ya 220 mwaka 2010. Anaijua historia yake kuliko historia ya wakwe zake, mkewe akasema.

Bei yake 180,000. Nimemwambia nitamjibu.

Jumanne, 15 Aprili

Nilifanya utafutaji wa namba kwenye eCitizen. Majibu yalikuja: wamiliki wawili. Mwalimu, na kampuni ya mkopo.

Nilimpigia. Alishangaa kwa dhati. Mkopo anasema alimaliza zamani, ana jumbe za malipo zote. Kumbe kumaliza kulipa ni jambo moja, kampuni kujiondoa kwenye logbuku ni jambo jingine, na mwenye mali asipofuatilia jina linabaki. Ningemlipa leo ningekuwa nimenunua nusu ya pikipiki. Nimemwambia nitangoja. Shemeji anasema nitumie nafasi hii kushusha bei. Nitashusha, ila kwa sababu ya tairi na bearing. Mwalimu hana deni langu la kutafutiwa aibu.

Ijumaa Kuu ni mtondo. Kuanzia hapo kampuni hazitafanya kazi hadi Jumanne.

Jumatano, 30 Aprili

Mambo matatu yameenda pamoja. Jana nilifaulu mtihani wa NTSA, daraja la A2. Kampuni imetoa jina lake. Na leo saa nne mwalimu alianzisha uhamisho kwenye akaunti yake, mimi nikaukubali kwenye yangu, ada ikalipwa, na ndipo nikatuma pesa, yeye akiwa ameketi hapo mbele yangu na mkewe shahidi. 158,000. Aliteremka baada ya mzee fundi kumwandikia gharama moja moja kwenye karatasi: tairi, cheni na sproketi, bearing za shingo, kusafisha tangi, oili. Mwalimu aliisahihisha hesabu kwa kalamu nyekundu. Mzee alikuwa amejumlisha vibaya, kwa hasara yetu.

Sikuiendesha hadi nyumbani. Tairi la 2019 na mvua ya Aprili, hapana. Shemeji aliibeba hadi Kariobangi kwa pikapu ya rafiki yake.

Jumamosi, 10 Mei

Iko barabarani. Tairi ya nyuma ilikuja baada ya siku kadhaa za "kesho madam." Tangi limeoshwa, shingo ina bearing mpya na usukani sasa unateleza bila kusita popote. Bima nimechukua ya mtu wa tatu, ya binafsi. Wakala alinisisitizia mara mbili kwamba nikibeba abiria kwa malipo bima hiyo hainifai kitu, hiyo ni ya boda na ina bei yake. Dada yangu nitambeba kanisani bure, na hata hapo nitakuwa na helmeti ya pili, maana sheria inamtaka naye.

Helmeti ndicho kitu pekee nilichokataa kununua mtumba. Glavu na buti nimetoa Gikomba, ngozi safi, bei ya kuchekesha. Lakini helmeti iliyokwisha kuanguka haijioneshi kwa nje. Povu la ndani hujikandamiza mara moja na halirudi. Nilinunua mpya, ya kufunika uso mzima, pamoja na koti lenye vimulikaji. Vyote viwili vimenigharimu zaidi ya cheni na tairi kwa jumla, na mama mdogo ameniambia kwa pesa hiyo ningepata kabati.

Petroli ni shilingi 174.63 Nairobi mwezi huu wa Mei 2025, na lita moja inanipeleka kilomita 30 na kitu. Boxer ya shemeji inaishinda Avenger kwa mbali hapo, amekumbusha. Kwenye msururu wa Mutindwa yeye hupenya, mimi na usukani wangu mpana hukaa nyuma ya magari kama mtu wa gari. Tuta la kinyozi lilikwaruza chuma cha chini mara ya kwanza, sasa nalipita kwa pembe.

Hukumu yangu ni hii. Kwa mtu mfupi anayeanza, anayeishi na kufanya kazi kwenye lami ya Eastlands, Avenger 220 iliyotunzwa ni chaguo sahihi, mradi utafutaji wa namba uonyeshe jina moja tu kabla shilingi haijatoka mfukoni. Kwa mtu wa boda si sahihi. Kwa mtu wa barabara ya udongo si sahihi. Anayetaka Virago aanze kutafuta fundi wake leo, kisha atafute Virago.

Oili nitabadilisha Juni. Tairi ya mbele nayo ni ya 2019, nimeshaiagiza.